Jengo Lililoupa Upepo Mgongo

Shukrani zote nazielekeza kwa Mwenyezi Mungu, aliyetupa macho na akatupa pia nuru ya kuyatumia, aliyenifikisha umri huu nikiwa bado natembea kwa miguu yangu na kukumbuka ninachosema. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu, na ziwafikie waja wema wote waliotutangulia. Baada ya hayo, naomba nieleze habari ya jengo.

Jengo lenyewe ni la sanaa. Lipo katika chuo cha ualimu ambacho kutoka kwangu Mwankoko ni mwendo wa baiskeli usiochosha. Ukitokea barabarani hulioni mapema, kwa sababu mbele yake kuna mawe makubwa yaliyobebana, lakini ukishayazunguka unakutana nalo lote kwa mara moja: msingi wa mawe, kuta za tofali za kuchoma, kibaraza kirefu, na bati la rangi ya udongo ambalo wakati wa kiangazi huwezi kulitofautisha na ardhi. Lina chumba cha ufinyanzi, chumba cha kuchapa vitambaa, stoo, na mwishoni kabisa ukumbi wa uchoraji. Nililisimamia tangu kamba ya kwanza hadi bati la mwisho. Kila nikipita huko natafuta sababu ya kusimama. Mke wangu amenizoea. Nikirudi nyumbani huniuliza kama jengo bado lipo.

Mimi ni fundi mwashi. Utotoni nilisomeshwa Kurani na mwalimu mmoja wa Utemini, mtu mkali wa herufi na mpole wa kila kitu kingine, na nilipomaliza kwake baba yangu akanipeleka kwa fundi nikajifunza kupanga tofali. Nimejenga misikiti, nimejenga makanisa, zahanati, na nyumba za watu ambao wengi wao sasa wamelala makaburini, Mungu awarehemu. Niliacha kupanda jukwaa magoti yalipokataa. Siku hizi nasomesha watoto wa madrasa asubuhi za Jumamosi, na imamu akisafiri naswalisha. Lakini macho bado yanaona ukuta uliopinda hata nikiwa ng'ambo ya barabara.

Siku walipokuja kuniomba nilikuwa nachambua vitunguu uani. Walikuja wawili. Mmoja alikuwa mkuu wa chuo, mtu wa kuja, kwao ni kusini mwa nchi huko kwenye mvua nyingi. Wa pili alikuwa mwalimu wake wa uchoraji, mwanamke wa makamo, Mnyiramba wa Kiomboi. Alinipa shikamoo yake kwa adabu, nikaitikia marahaba, akakaa kwenye kigoda alichopewa, akaitazama nyumba yangu kwa muda. Kisha akaniuliza kama ilijengwa kwa ajili ya watu au ya kufichia mbuzi, maana hayaoni madirisha.

Hapo nikajua amekuja kwa utani. Sisi Wanyaturu na Wanyiramba ni watani tangu enzi za mababu. Mtani anaweza kukuambia usoni jambo ambalo mwanao wa kuzaa hawezi kulitamka, na ukikasirika aibu inakuwa yako. Nikamjibu kwamba Mnyiramba asiulize habari za nyumba, kwani babu zake waliwahi kulala kwetu walipopotea njia, na asubuhi wakaondoka na mlango. Mkuu wa chuo alishtuka kidogo, hakujua kama tunagombana. Mke wangu akacheka jikoni, naye akatulia.

Habari waliyoleta ilikuwa hii. Chuo kilikuwa kimepata saruji, mbao na bati kwa ajili ya jengo la sanaa, na wananchi wa vijiji vya jirani walikuwa wanaombwa mawe, mchanga, maji na nguvu zao. Kilihitajika kamati, na kamati ilihitaji mwenyekiti ambaye watu wangemsikiliza na ambaye anajua ujenzi. Nikawauliza kwa nini sanaa, wakati hata maabara yao niliwahi kuiona ni ndogo.

Mwalimu ndiye aliyenijibu, na safari hii hakutania. Alisema tangu aajiriwe hapo amefundisha uchoraji ndani ya bwalo la chakula. Wanachuo wakimaliza kula mchana, meza zinafutwa, naye anapanga vitu vya kuchora: mtungi, kibuyu, ungo. Wanachora mpaka wapishi wanapoanza kugonga masufuria, kisha kila kitu kinatolewa kabla mchoro haujaisha. Kesho yake mtungi ukirudishwa hauwi pale pale, na kazi inaanza upya. Karatasi zao zina mafuta ya maharage. Alisema mkaguzi aliyepita mara ya mwisho aliandika kwamba somo hilo liendelee kwa muda tu, na kama hakutapatikana chumba chenye mwanga unaofaa, basi chuo kiache kulifundisha. Wanaotaka kusomea wangepelekwa vyuo vya mbali.

"Watoto wa hapa hawataenda mbali kusomea kuchora, mzee," alisema. "Wazazi wao hawatakubali. Wataacha tu."

Nilikubali kazi ile siku hiyo hiyo. Sikuwa najua kitu kuhusu uchoraji, ila nilijua maana ya kunyang'anywa kazi kabla haijaisha.

Siku ya kupiga mambo, vile vigingi vya kupimia msingi, ilikuwa katikati ya kiangazi, wakati upepo wetu una nguvu zake zote. Asiyeujua upepo wa Singida nitamweleza kwa ufupi. Unatoka mashariki. Huanza asubuhi na mapema ukiwa kama unauliza, na kufika saa nne hauulizi tena. Unabeba vumbi, unabeba makapi ya alizeti, unabeba nguo za watu kwenye kamba. Nimeona umebeba bati. Kwa hiyo wazee wetu walipojenga tembe zao waliziweka zikiupa upepo mgongo: ukuta wa mashariki mzima, usio na tundu, na mlango upande wa magharibi. Mimi nami sikuwahi kujenga nyumba kwa namna nyingine isipokuwa misikiti, ambayo Kibla ndiyo inayoamua.

Ramani waliyokuja nayo ilionyesha jengo refu lililolala mashariki hadi magharibi, madirisha makubwa yakitazama kusini na kaskazini. Mkuu wa chuo aliifungua, upepo ukaipokonya, vijana wakaikimbilia hadi kwenye mawe. Watu wakacheka. Na mimi, nikiwa nimesimama na kamba mkononi mbele ya kamati yangu yote, nikasema kwamba jambo hilo limetupa jibu. Nikasema aliyechora ramani ile hajawahi kulala hapa hata usiku mmoja. Jengo ligeuzwe robo duara, mgongo uende mashariki, madirisha na kibaraza vitazame magharibi, na hapo litasimama mpaka wajukuu wa wajukuu.

Wenyeji wote waliitikia. Hapakuwa na mmoja aliyesita, maana wote walikuwa wamekulia katika nyumba za namna hiyo. Mkuu wa chuo alijaribu kumpigia simu mhandisi aliyeichora, hakupatikana. Akaniuliza kama nina hakika. Nikamwambia nimezeekea ndani ya upepo huu.

Nilimwona yule mwalimu akifungua mdomo. Nilidhani vumbi limemwingia. Lakini tayari nilikuwa nimeinua mikono kuomba dua, na katekista wa kanisa la jirani akasubiri zamu yake, akaomba naye, na sote tukasema amina. Tukapiga mambo.

Sasa niseme jinsi kazi ilivyokwenda, maana sehemu hiyo naipenda. Mawe ya msingi tuliyapasua hapo hapo, kwa moto na nyundo, kama tulivyofundishwa. Akina mama walikuja kwa zamu kutoka vijiji vya pande zote, Waislamu na Wakristo, wakisogeza mchanga kwa karai, na waliokuwa na ng'ombe walileta maji kwa mikokoteni. Fundi mkuu alikuwa mtu niliyemfundisha mwenyewe alipokuwa kijana, sasa ana mvi kunizidi, na anapanga tofali vizuri kunizidi, ingawa hilo sijamwambia. Wanachuo walichanganya zege baada ya vipindi. Hakuna mtu aliyeumia hata kidole, nami kila Ijumaa nilimshukuru Mungu kwa hilo kwa kulitaja. Kuta zilipanda zimenyooka. Bati lilipopigwa, watu walianza kuja kutazama tu, na wengi walikuwa wananishika mkono. Sitadanganya: nilipenda.

Mwalimu wa uchoraji alikuwa anakuja karibu kila siku na ndoo ya uji wa mafundi. Alinisalimia, akanitania. Aliwahi kuniambia kwamba Wanyaturu wanavyoziba nyumba zao, kuku hawajui kama kumekucha. Nikamwambia kuku wa Kinyiramba wanajua kumekucha kwa sababu hawana nyumba kabisa. Mafundi walikuwa wakiacha mwiko ili wasikilize. Lakini uji ukiisha niliona anaingia peke yake kwenye ule ukumbi wa mwisho, anasimama katikati, anatazama ukuta. Nilidhani anafurahi. Nilidhani anapanga pa kuweka meza zake.

Jengo lilibaki kupigwa plasta na kuwekewa madirisha. Mkaguzi alikuwa ametoa taarifa kwamba atakuja kabla muhula haujafunguliwa. Siku moja kabla ya kuanza plasta, mchana, baada ya uji, mwalimu alinisogelea, akanipa shikamoo ya pili kwa siku hiyo, jambo ambalo si la kawaida. Kisha akanyoosha mkono akachukua timazi yangu iliyokuwa imening'inia kwenye msumari. Timazi ni lile jiwe la chuma lenye kamba ambalo fundi hupimia wima wa ukuta. Yangu niliirithi kwa aliyenifundisha. Akaitia kwenye mkoba wake akaufunga zipu.

Mafundi walishangilia. Mtani akikamata mali yako, huwezi kumnyang'anya, inabidi ukomboe. Nikamuuliza anataka jogoo au jike.

"Sitaki kuku wako, wamekonda kwa upepo," alisema. "Nataka ukae ndani ya darasa langu kuanzia saa hizi mpaka alasiri. Peke yako. Ukitoka utaniambia umeona nini, nami nitakupa chuma chako."

Fundi mkuu alisema adhabu hiyo ni ya watoto wa shule. Watu wakacheka, nami nikacheka, nikaingia. Ilikuwa kama saa nane.

Humo ndani alikuwa amepanga tofali kama stuli karibu na ukuta wa mashariki, na juu yake ameweka mtungi. Mbele yake kulikuwa na stuli nyingine ya tofali ya kukalia. Niliona amekwisha kupiga mstari wa mkaa ukutani, pale kivuli cha mtungi kilipoishia, na kipande cha mkaa kimeachwa chini. Nilielewa natakiwa kuendelea. Fundi anajua kupiga mstari.

Mwanzo palikuwa pazuri. Chumba kilikuwa na baridi kidogo, kinanukia saruji mbichi, na nilitumia muda wangu kuukagua ukuta wangu na kuusifia moyoni. Kisha jua likashuka, likapita chini ya kibaraza, likaingia. Nilipiga mstari wa pili. Baada ya muda mfupi wa tatu. Kivuli cha mtungi kilikuwa kinatembea ukutani kama mtu mwenye safari. Upande mmoja wa mtungi uliwaka mpaka ukapoteza umbo lake, upande wa pili ukawa mweusi. Nikajisogeza ili niuone vizuri, na kivuli changu mwenyewe kikaangukia juu yake, kikaufuta wote. Nikageuka nikae upande wa pili, nikitazama magharibi, na jua likanipiga machoni nikaona weupe mtupu.

Nilikaa hivyo nikihama huku na huku kama kuku anayetafuta pa kutagia, mpaka nikasikia adhana ya alasiri kutoka mbali. Nilikuwa na udhu. Nikatandika kipande cha boksi, nikageukia Kibla, ambayo kwetu iko kaskazini ikivutwa kidogo mashariki. Nikaswali. Shavu langu la kushoto lilikuwa linaungua. Kulia kwangu, kwenye ukuta wa mashariki niliousimamia tofali kwa tofali, kivuli changu kilikuwa kinarukuu na kusujudu pamoja nami, kikubwa kuliko mimi. Mtu anapoomba hatakiwi kutazama pembeni, na Mungu anisamehe, lakini nilikiona.

Nilipotoa salamu sikuinuka. Nilihesabu mistari ya mkaa ukutani, ilikuwa saba. Nikakumbuka ramani iliyokimbia na upepo, na yale madirisha yaliyotazama kusini na kaskazini, ambayo nilidhani ni ujinga wa mtu wa mjini. Nikakumbuka mdomo uliofunguka nikaudhania vumbi.

Alikuja akasimama mlangoni. Hakuwa na uso wa utani tena. Nikamwambia aingie akae.

"Ulijua tangu siku ya mambo?" nikamuuliza.

"Nilijua, mzee. Madirisha yale niliyaomba mimi kwa mhandisi."

"Mbona hukusema?"

"Ulikuwa umeshainua mikono kuomba dua. Ningeanzia wapi?"

Akaniambia alimfuata mkuu wa chuo wiki ile ile, naye akasema mzee ameshaelekeza mbele ya watu na imeombewa, nani atamwendea. Alisema alitumaini kibaraza kingezuia jua, akasubiri bati lipigwe aone. Lilipopigwa akaona halizuii. Uchoraji uko mchana wote kwenye ratiba, kwa kuwa asubuhi wanachuo wako kwenye mazoezi ya kufundisha. Mkaguzi naye atafika mchana.

"Akikuta hivi ataandika chumba hakifai," alisema, "na ataandika kweli."

Nikamuuliza mwanga wake ungetoka wapi kama mambo yangekuwa mikononi mwake sasa, msingi ukiwa umekwishawekwa. Akaonyesha ukuta wa mwisho, wa kusini, ambao ulikuwa mzima kutoka sakafuni hadi kwenye mkanda wa zege. Alisema jua la huko haliingii ndani isipokuwa miezi michache ya mwisho na mwanzo wa mwaka, tena likiwa juu sana, na upana wa bati ungelizuia. Nikamwambia upepo wetu unapochoka na mashariki hujaribu kusini, utamjazia vumbi kwenye rangi zake.

"Kioo kisichofunguka hakiingizi vumbi, mtani," alisema. "Hata Mnyaturu anaweza kulala nacho."

Akatoa timazi kwenye mkoba akaniwekea mkononi.

Nilirudi nyumbani na baiskeli nikiisukuma, sikuipanda. Mke wangu aliniuliza kama jengo bado lipo. Nikamweleza yote. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema yeye miaka yote anachambua mchele nje kwa sababu jikoni nilikomjengea hakuna mwanga, na alidhani najua.

Asubuhi niliwaita kamati na mafundi. Niliwaeleza ninachotaka kufanya: ukuta wa kusini ufunguliwe madirisha mawili mapana ya kioo cha kudumu, na yale ya magharibi ya ukumbi ule yazibwe. Walikataa. Nasema walikataa, lakini kwa upole, kwa sababu walikuwa wananitetea. Mmoja alisema yawekwe mapazia. Mwalimu alisema pazia likishushwa chumba kinakuwa giza. Mwingine akasema wachore asubuhi. Mkuu wa chuo akaeleza ratiba. Fundi mkuu, mwanafunzi wangu wa zamani, aliniomba pembeni. Aliniambia watu wametoka mbali kuja kulisifu jengo hili na jina langu linatajwa pamoja nalo. Tukianza kubomoa leo, barabarani watasema mzee alikuwa hajui. Alisema nimwachie yeye, atasema ni kosa la mafundi.

Hilo ndilo lililonimalizia shaka. Sikutaka mtu mwenye mvi aseme uongo kwa ajili yangu.

Nikarudi mbele ya wote nikasema: "Ukuta huu niliuelekeza mimi, nikaipuuza ramani na sikumuuliza mwenye darasa. Nilikosea. Nimeomba msamaha kwa Mungu tangu jana, sasa nawaomba ninyi, na namwomba huyu mwalimu. Nitaanza kuubomoa mimi."

Nilichukua nyundo na patasi. Tofali la kwanza lilinipa taabu kweli, kwani tulikuwa tumejenga vizuri. La pili likatoka. Nilipofika la tano nikasikia mtu ananiondolea nyundo taratibu. Alikuwa fundi mkuu. Alivua shati, akaanza kugonga kwa kufuata mstari kama nilivyomfundisha, bila kuupasua ukuta wa pembeni. Hadi jioni walikuwa sita.

Kioo kilitoka mjini kimefungwa kwenye magodoro, juu ya gari lililotembea polepole kuliko mtu. Madirisha ya magharibi yalizibwa, na ukuta ule ukapakwa chokaa nyeupe. Mwalimu akasema ndipo atakapotundika kazi za wanachuo, akaonekana kama mtu aliyepata vyumba viwili badala ya kimoja. Plasta ilipokauka alisimama katikati ya ukumbi, mikono kiunoni, akatangaza kwamba sasa Mnyaturu amefungua dirisha, kuku watajua kumekucha. Nilimwambia ashukuru, maana Wanyiramba wangeuacha ukuta wote wazi na kuuita mlango.

Mkaguzi alikuja mchana, kama alivyosema. Alikuwa mama mmoja asiye na maneno mengi. Alipita vyumba vyote, akafika ukumbi wa uchoraji, akaomba kiti. Akakaa. Nilikuwa nje kibarazani na tasbihi yangu, siwezi kusema nilikuwa nimetulia. Alikaa humo muda mrefu akitazama kitu kilichopangwa mezani, sijui alikuwa anahesabu nini. Alipotoka alimwambia mkuu wa chuo kwamba somo litaendelea, na kwamba wanachuo waongezwe. Mwalimu alikuwa amesimama nyuma yake. Alijifunika uso kwa kitenge, akakaa chini pale pale kwenye sakafu ya kibaraza, na wenzake wakamwacha akae.

Siku ya kufungua walikuja watu wa vijiji vyote vilivyobeba mawe. Bibi mmoja aliyeleta mchanga kiangazi kizima alikuta ungo wake aliouacha pale umechorwa na umetundikwa ukutani, akauliza ni nani aliyeuchora kabla yeye hajaufuta vumbi. Walimwonyesha binti mmoja wa mwaka wa pili. Bibi akamtazama, akautazama ungo, akasema vumbi lenyewe limechorwa vizuri. Mimi nilipopewa nafasi ya kuomba dua, niliwaeleza kwanza habari ya madirisha, kwa kifupi, ili asije mtu akalisifu jengo kwa jambo ambalo nilikuwa nimelikosea. Watu walicheka, hasa Wanyiramba. Kisha tukaomba.

Mwezi uliofuata mwalimu alinitumia ujumbe. Walikuwa wameingia kwenye kuchora watu, na vijana hawawezi kutulia. Kila aliyekalishwa alikuwa anachezea simu. Alitaka mtu anayejua kukaa. Nilikwenda. Walinipa kiti karibu na dirisha la kusini, nikawaambia wanachuo kwamba sura yangu waniachie, hiyo nitamrudishia aliyeiumba kama alivyonipa, lakini mikono wanaweza kuchukua. Kijana mmoja akauliza kama mikono mitupu inatosha alama zote. Mwalimu akamwambia aichore kwanza, ndipo aone kama itamtosha yeye.

Niliiweka juu ya magoti. Kuanzia saa nane hadi adhana sikusikia kitu ila mkaa ukikwaruza karatasi, na upepo nje ukihangaika na kona ya bati. Mwanga ulikuwa juu ya vidole vyangu, mtulivu, na kivuli kati ya kidole na kidole kilikuwa pale pale kilipokuwa walipoanza. Mwalimu alipita nyuma ya kila mmoja, anainama, ananong'ona, anapita. Hakuna aliyegonga sufuria.

Walipomaliza walizipanga karatasi zote kwenye ukuta mweupe, wakaniambia nitazame. Zilikuwa nyingi na zote zilikuwa zangu. Binti yule wa ungo alikuwa amechora kovu kwenye kidole gumba ambalo jiwe lilinipa nilipokuwa kijana wa kazi, na ambalo nilikuwa nimelisahau. Nilisimama mbele ya mchoro huo muda mrefu. Kisha nikaenda kutawadha, maana alasiri ilikuwa imeingia.

Nawe uliyenisoma hadi hapa, Mungu akulinde wewe na wa nyumbani kwako. Akujaalie watu watakaokuambia kweli kwa upole, akujaalie kuisikia ungali na nguvu za kurekebisha, na kazi ya mikono yako aipe umri mrefu kuliko wako. Amina.